Daftari la Kuulizana

Jumapili, 14 Desemba 1975

Jambo hili sijamwambia mtu. Shangazi sijamwambia, Mwalimu Bartolomeo sijamwambia, na leo kanisani tulipoambiwa tuungame kimoyomoyo nililiruka. Nalisema humu tu: yale ninayoandika katika Daftari la Kuulizana si maneno ya watu. Ni maneno yangu.

Naomba nieleze. Jina langu ni Damari, nina miaka kumi na sita. Nimemaliza darasa la saba mwaka huu kule Mwanjelwa, na baba amenileta kwa shangazi yangu huku bondeni, ng'ambo ya Ubaruku, nimsaidie kupandikiza mpunga na nifundishe kisomo cha watu wazima kwa kujitolea. Mkubwa wetu katika kisomo ni Mwalimu Bartolomeo, mtu wa Iringa, mpole, mwenye kikohozi.

Yeye ndiye aliyeanzisha daftari. Ni kauntabuku kubwa, imewekwa juu ya meza darasani. Mwenye swali aliandike. Mwenye jibu aliandike chini yake na jina lake. Anayeona jibu si sahihi asilifute, aandike lake chini. Mwalimu anasema kijiji hiki kina watu wa makabila kumi waliohamia juzi tu, kila mmoja amekuja na analolijua, na hakuna anayejua mwenzake anajua nini.

Asiyejua kuandika ananiambia mimi, namwandikia. Hapo ndipo penye kosa langu. Watu wazima hawajibu moja kwa moja. Ukiuliza dawa ya kupe, mtu anaanza na shemeji yake. Mkono wangu ni wa polepole, na ninaona haya kumwambia mtu mzima "subiri" au "rudia". Basi nasubiri nisikie jibu, naandika jibu, mengine nayaacha yapite. Kisha nawasomea, nao wanakubali kwa kichwa. Wanadhani maandishi ndivyo yalivyo.

Tafadhali lisitoke humu.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua. Darasani walikuja watatu, mmoja alisinzia.

Ijumaa, 19 Desemba

Leo tumecheka. Mtu ameandika swali bila jina: "Kwa nini mke akienda kusalimia kwao anakaa mwezi?" Mwandiko ni wa Seni, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi, jirani yetu. Mke wake Verediana, mzaliwa wa Iringa kama Mwalimu, alisomewa swali hilo akaja mezani kwangu na mtoto wake Roza mgongoni.

"Andika," akasema. "Kwa sababu kwao wanapika."

"Niweke jina, dada?"

"Weka. Na la Roza weka. Naye alikula akashiba."

Roza ana miaka minne, ni mkubwa mno kubebwa, lakini hataki kutembea kwenye tope.

Alhamisi, 8 Januari 1976

Swali moja limekaa daftarini wiki mbili bila jibu: "Ndiga ya porini inaliwaje isimdhuru mtu?" Ndiga ni kiazi mwitu, wengi hapa wanakiogopa. Mwalimu alisema anayejua ni Bibi Kashindye peke yake, nami nikafuatana naye.

Bibi Kashindye alikuja na Wasukuma wa kwanza kuhamia bonde hili. Anakaa peke yake mwisho wa kijiji. Kila anayetaka kujua jambo la malisho au la mvua au la ndama aliyevimba tumbo humwendea yeye. Lakini hamjibu mtu aliyesimama. Unasalimia, unakaa, unapewa ungo wa karanga za mbegu umenye, na katikati ya kumenya ndipo anapoanza.

"Mwangaluka, Bibi," Mwalimu alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo umekuja na msichana. Anauza nini?"

"Anaandika, Bibi. Anaandika unayoyajua."

"Kwa nini? Kufa sijafa."

"Ndiyo maana tumekuja sasa."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaeleza. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kumfungua mbuzi aliyejinyonga kwa kamba, nikabaki naye mimi. Niliandika: Menya. Kata vipande vyembamba. Loweka siku tatu. Anika. Twanga. Nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Akaingia katika njaa ya usichana wake, mama yao, mto, dada yake mkubwa aliyeolewa mbali na mto, chungu cha dada yake. Kiswahili kikachanganyika na Kisukuma, naye alikuwa anatazama mikono yake, hanitazami mimi. Nikaweka kalamu juu ya goti nikawa namenya karanga.

Aliponyamaza nikamsomea nilichoandika. Alisikiliza kwa makini sana.

"Imekuwa fupi," akasema.

Nikamwambia maandishi huwa mafupi.

"Ahaa," akasema.

Jumamosi, 10 Januari

Barua ya baba imefika. Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Shangazi alinikaangia yai.

Jumanne, 27 Januari

Leo Verediana amesoma. Sisemi silabi za ubaoni, hizo alishazijua. Alikwenda mwenyewe kwenye daftari, akaweka kidole, akasoma jibu la mtu kuhusu kuhifadhi maharage na majivu, mstari mzima. Alipofika mwisho alirudia toka mwanzo, haraka zaidi. Kisha akanishika mikono.

"Mwalimu Damari," akaniita, mimi ambaye ni mdogo kwake. "Sasa siulizi mtu."

Nimefurahi kuliko siku niliyomaliza shule. Kama sekondari imenikataa lakini Verediana anasoma, basi nina kazi duniani.

Jumatano, 11 Februari

Mto umepanda siku tatu. Umechukua vitalu vyetu vya mpunga na vya nusu ya kijiji. Shangazi alisimama ukingoni akitazama maji.

Jumapili, 15 Februari

Nilikutana na Bibi Kashindye njiani anatoka kuchuma mlenda. Nilimsalimia, akaniuliza habari za shangazi, za baba, za Mwanjelwa, hakuniacha niende. Mwisho akasema:

"Zamani asubuhi nikifagia nafagia na nyayo za watu. Sasa nafagia majani tu."

"Watu wana kazi ya vitalu, Bibi."

"Vitalu vilikuwepo hata zamani, ng'wanawane, mwanangu. Mmenichukua mkaniweka juu ya meza. Anayetaka kuniuliza ananifungua huko huko, hata habari za asubuhi hanipi." Alisema kama mzaha. "Karanga zangu nani atamenya?"

Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Sikwenda, tulikuwa tunasia upya.

Jumapili, 29 Februari

Nilimsimulia Mwalimu maneno ya Bibi Kashindye. Tulikuwa tunafuta ubao. Alikaa juu ya dawati la mbele akakohoa kwanza.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nilipokuwa kijana, kujua jambo ilikuwa safari. Unatoka kwenu, unakwenda kwa mtu, anakutazama usoni. Akiona una haraka hakuambii. Akiona una hila hakuambii. Akikuambia, anakutazama tena kama umeelewa. Daftari halimtazami mtu usoni, Damari. Mwenye akili na asiye na akili linawapa sawasawa."

"Basi ni vibaya?"

"Sijasema vibaya. Wapo waliokuwa wanafukuzwa mlangoni. Mwanamke aliyegombana na mwenye kujua, maskini asiye na cha kuchukua mkononi, mgeni asiyejua lugha. Hao wote sasa wanasoma. Mimi nalipenda daftari hili. Ila nalipenda kama mtu anavyompenda ndama asiyemjua mama yake. Sijui litakuwa na tabia gani."

Nilitaka kumwambia hapo hapo kwamba nakata maneno ya watu. Neno lilifika mdomoni. Halafu akasimama, akapangusa chaki kwenye suruali, nikaona nimechelewa.

Jumamosi, 6 Machi

Tunakula mara moja, jioni. Unga wa njano uliokuja Ubaruku umekwisha kabla foleni haijafika kwetu. Watu wameanza kuchimba ndiga. Nilimwona Verediana na jembe na kikapu, Roza anamfuata nyuma kwa miguu yake, tope mpaka magotini. Verediana aliniinulia kikapu nione.

"Daftari lako litatulisha," akasema.

Nilimpungia mkono. Nilijisikia vizuri. Naliandika hili ili nisije nikasema sikuwahi kujisikia hivyo.

Alhamisi, 11 Machi

Roza amekufa jana.

Nimejaribu mara mbili kuandika zaidi ya hapo. Najaribu tena.

Jana mchana nilisikia kelele kwa akina Verediana. Seni hayupo, amepeleka ng'ombe upande wa Madibira tangu mwezi uliopita. Nilimkuta Verediana chini ya dirisha anatapika, macho yamepanuka, anashika ukuta kama ukuta unakimbia. Roza alikuwa juu ya mkeka. Mwili ulikuwa unakaza halafu unalegea, unakaza halafu unalegea. Kando ya mafiga kulikuwa na sufuria ya ugali mweupe uliobaki kidogo.

Nilipiga kelele. Shangazi alikuja, wanaume wawili wakaja na machela. Zahanati iko mbali saa mbili kwa miguu, na njia ilikuwa maji matupu. Mimi nilimbeba Roza. Nilidhani nikimshika kwa nguvu atakaza kidogo zaidi kisha atulie. Alitulia tulipofika kwenye daraja la magogo. Shangazi alimtazama, akanivua kanga begani akamfunika, akasema, "Endelea kutembea, mwanangu. Mama yake anatuona." Basi nikatembea. Nilitembea saa nzima na mtoto aliyekufa ili Verediana aliye nyuma kwenye machela asijue.

Mganga wa zahanati aliuliza alikula nini. Shangazi akasema ndiga. Akauliza ililowekwa wapi. Verediana alikuwa anaweza kusema sasa, kwa sauti ya chini. Akasema, "Chunguni. Siku tatu. Kama ilivyoandikwa."

Mganga akatikisa kichwa. "Chunguni sumu inabaki humo humo na maji yake. Hii inalowekwa kwenye maji yanayokwenda. Mtoni. Nani amewaambia chunguni?"

Mtu mmoja akasema, "Imeandikwa daftarini. Amesema Kashindye."

Mto. Dada aliyeolewa mbali na mto. Chungu cha dada. Nilikuwa nimesimama pale na kanga iliyomfunika Roza mkononi, na hadithi yote ikaanza kunirudia, kipande kwa kipande, kama mtu anayeimba nyumba ya pili. Bibi alikuwa anasimulia jinsi dada yake alivyoloweka chunguni kwa kuwa mto ulikuwa mbali, na jinsi walivyozika. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Yale matano niliyoandika yalikuwa utangulizi.

Ijumaa, 12 Machi

Tumemzika. Mvua.

Jumatatu, 15 Machi

Seni amerudi. Hakulia mbele za watu. Alikuja darasani saa kumi, akafungua daftari ukurasa wa ndiga, akachukua kalamu. Seni anaandika polepole kwa herufi kubwa. Chini ya jina la Kashindye aliandika: HUYU AMETUUA. Akaweka jina lake, kama sheria ya Mwalimu inavyosema. Akatoka.

Mwalimu alisubiri watu waondoke. Akaweka ukurasa mbele yangu.

"Damari. Ndivyo alivyosema Bibi?"

"Ndiyo."

"Hakutaja mto?"

"Hakutaja, Mwalimu."

Alinitazama usoni. Mimi nilitazama ubao.

"Haya," akasema.

Sasa ni uongo kabisa. Mwanzo ilikuwa haya, leo ni uongo.

Jumapili, 21 Machi

Bibi Kashindye alipita kisimani, wanawake wakachukua ndoo zao wakasogea. Alichota peke yake.

Ijumaa, 26 Machi

Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano Jumapili ya wiki ijayo, tarehe nne Aprili. Wapo wanaotaka Bibi Kashindye aondolewe kijijini. Wanasema alificha kwa makusudi, kwa kuwa alichukia watu kutokwenda kwake tena. Na kweli alikuwa analalamika, wengi walimsikia. Hata mimi nilimsikia, na mimi ndiye niliyempelekea Mwalimu maneno hayo.

Shangazi anasema Mwalimu ameandika barua kwa wakubwa wake wa elimu, kwamba daftari ni lake na kosa ni lake.

Nimekonda. Shangazi anadhani ni njaa.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimekwenda. Nilitoka alfajiri ili nisipate muda wa kufikiri. Bibi alikuwa anafagia. Hakushangaa. Alinipa ungo wa karanga, nikakaa, nikamenya. Nilimenya labda karanga mia, machozi yakidondoka kwenye ungo, yeye akiendelea kufagia.

"Bibi," nikasema, "ulinisimulia habari za mto. Sikuandika."

"Najua."

"Unajua?"

"Mikono yako ilikuwa inamenya karanga. Kalamu ililala kwenye goti hapo. Mimi mzee lakini macho bado naona." Akakaa chini taratibu. "Nilifikiri kalamu inajua ya kuchukua na ya kuacha. Wewe ulisoma, mimi sikusoma. Nilipokuambia imekuwa fupi ulisema ndivyo maandishi yalivyo. Nikasema, basi labda wao wana njia yao, mto watauweka mahali pengine."

"Kwa nini hukusema? Wanakuita muuaji, Bibi. Keshokutwa wanataka kukufukuza. Ungesema tu kwamba msichana alikata."

"Na wewe ungesema nini?"

Nilishasema. Nilimwambia Mwalimu hakutaja.

"Kusema kwangu kungezaa maneno," akasema Bibi. "Watu wangeuliza hiki, wangeuliza kile. Nyumba ile kuna mtu amebeba mzigo mpaka hapa." Alionyesha shingoni. "Ukiongeza jani moja anaanguka. Mimi naweza kubeba. Nimezika wengi."

Sikuelewa. Nilidhani anasema tu habari za msiba. Nikamwambia Jumapili nitasimama mkutanoni niseme yote.

"Anza kwa mama wa mtoto," akasema. "Asisikie pamoja na watu."

Jumamosi, 3 Aprili

Seni alikuwa zizini. Verediana alikuwa mlangoni anachambua mboga ambayo ilishachambuliwa. Nilibaki nimesimama. Niliyasema yote kwa mara moja: hadithi, mto, chungu, kalamu, uongo kwa Mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa anipige. Niliona afadhali anipige.

Hakunipiga. Alisema, "Umesema Bibi alikwambia mto."

"Alisema. Mimi ndiye sikuandika."

"Najua alisema."

Akatazama upande wa zizi, kisha akashusha sauti mpaka ikabidi nichuchumae nisikie.

"Alipita hapa. Siku ya pili, ndiga ikiwa chunguni. Alisimama hapo hapo uliposimama wewe. Akatazama chungu, akasema, mayu, yaani mama, hiyo ipeleke mtoni, maji ya chungu hayaondoi kitu. Mto ulikuwa umejaa, Damari, nilikuwa nimechoka, Roza alikuwa analilia chakula. Nikamwambia, Bibi, mimi nimesoma. Nikamtajia. Loweka siku tatu. Nilimtajia hivi, kama ninavyokutajia wewe darasani, nataka asikie kwamba najua. Akasema, hayo niliyasema mimi. Nikamwambia, basi ndivyo ulivyosema."

Mikono yake iliendelea na mboga.

"Alisimama kidogo. Akasema tena, mtoni, mayu. Nikageuka nikapuliza moto."

Nilitaka kumshika lakini sikujua kama ninaruhusiwa.

"Kila siku nangoja Bibi amwambie Seni," akasema. "Angesema siku ile ile angepona lawama. Nikimwona njiani najua sasa atasema. Ananiuliza tu, umekula, mayu? Basi. Anapita."

Ndipo nilipoelewa maneno ya jana.

"Kesho utasema?" akaniuliza.

"Nitasema ya kwangu," nikamjibu.

Jumapili, 4 Aprili

Watu walikuwa wengi mbele ya ofisi ya kijiji, wengine wamejifunika magunia kwa manyunyu. Bibi Kashindye alikaa juu ya gogo peke yake. Wanaume walisema. Mmoja alisema alificha jibu mpaka mtoto afe ndipo watu wamrudie. Mwalimu aliomba nafasi akaanza, "Daftari hilo ni mimi..." nikasimama.

Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya darasa. Sauti ilitoka ndogo, mwenyekiti akasema niongeze. Nikaongeza. Nilisema Bibi Kashindye alieleza yote, mto na chungu, na kwamba aliyeacha ni mimi. Nilisema Mwalimu aliniuliza nikamdanganya. Nilisema Verediana alifanya kama ilivyoandikwa, hana kosa.

Hilo la mwisho nililisema bila kumtazama. Wala Bibi hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono yake, kama siku ile.

Seni alisimama. "Kwa nini hukuandika?"

"Niliona haya kumwambia asubiri."

"Haya," alisema Seni. "Mwanangu amekufa kwa ajili ya haya." Alilirudia neno hilo kama analipima uzito, kisha akaondoka katikati ya watu, wakampisha.

Mwenyekiti alisema shauri la Bibi limekwisha. Alisema mimi nisifundishe tena, na daftari likae ofisini kabatini mpaka wakubwa waamue. Watu wakatawanyika. Wachache walimwendea Bibi kumwomba radhi. Aliwapa mkono mmoja mmoja.

Mwalimu alinisindikiza mpaka njia panda. Sikusikia kikohozi chake njia nzima. Mwisho akasema, "Nilikuona siku ile unatazama ubao. Nilipaswa kuuliza mara ya pili. Sikutaka kujua." Kisha akaondoka zake.

Jumanne, 20 Aprili

Bibi Kashindye amehama. Mwanawe amekuja kumchukua, watakaa Madibira. Watu walimsihi, hata mwenyekiti alimsihi. Alisema hana ugomvi na mtu, ila amechoka kufagia majani. Nilimbebea mzigo mpaka kwenye gari la ng'ombe. Nilikuwa nimechukua karatasi na kalamu, nikamwomba aniambie tena habari ya ndiga, yote, nami nitaandika kila neno na nitamwambia asubiri.

"Uliisikia," akasema. "Sasa wewe ndiye unaijua. Wakikuuliza, wakalishe kwanza."

Jumatano, 28 Aprili

Mwalimu Bartolomeo amehamishwa, anarudi Iringa. Hakuna sababu iliyotajwa kwenye barua.

Jumamosi, 8 Mei

Tumeanza kuvuna mashamba ambayo mto haukuyafikia. Ni kidogo, lakini ni mpunga.

Jumapili, 23 Mei

Kesho narudi Mwanjelwa. Baba amenipatia kazi ya kupima nguo dukani kwa rafiki yake, kazi isiyotaka kuandika sana.

Jana nilikwenda kuaga kwa akina Verediana. Seni alikuwepo. Aliitikia salamu yangu, akachukua fimbo akatoka. Verediana alinipa kikapu cha mchele mpya. Haji tena kisomo, wala hakuna kisomo, darasa limefungwa. Lakini gunia lililotundikwa mlangoni lina maandishi ya kiwanda, na wakati tunaongea niliona macho yake yanayafuata herufi kwa herufi, kisha yanageukia pembeni, kisha yanarudi. Hawezi kuacha. Aliyejua kusoma hana njia ya kutojua tena.

"Bibi hajasema," aliniambia mlangoni. "Amekwenda nalo."

"Na mimi sitasema, dada."

"Najua," akasema, lakini alinishika mkono kwa nguvu muda mrefu, kama mtu asiyejua.

Wewe uliyelipata daftari hili dogo na kulisoma mpaka hapa, sikujui. Huenda ni binti yangu, huenda ni mtu aliyenunua karatasi za kufungia maandazi. Ya kwangu yaseme popote unapotaka, nilishayasema mwenyewe mbele ya kijiji. Ila yale aliyoniambia Verediana akichambua mboga, hayo sikuyaandika ili yatoke. Niliyaandika kwa kuwa siku ile niliogopa kuacha tena neno la mtu. Seni yu hai, nyumba yao bado ni moja, na mwaka huu wanatarajia mtoto. Bibi Kashindye aliyanyamazia akiwa anaitwa muuaji. Nakuomba na wewe uyanyamazie.